Chui wa Malam Sabitu

Okwudiri Anyaso alikuwa fundi wa cherehani, si fundi cherehani, na maisha yake yote alikuwa akiwaeleza watu tofauti hiyo. Fundi cherehani hushona nguo. Yeye alizitengeneza cherehani zenyewe. Zikikata uzi, zikiruka mishono, zikikohoa au zikigoma kabisa, zililetwa kwenye kibanda chake nyuma ya soko la nguo la Kantin Kwari, mjini Kano katika nchi ya Wahausa, kaskazini, naye akazitegea sikio kama tabibu anayesikiliza kifua cha mtoto.

Alifika Kano akiwa kijana kutoka Umuokpara, kijiji cha Waigbo huko kusini, kumsaidia mjomba wake kuuza nyuzi na vifungo. Mjomba alirudi nyumbani, Okwudiri akabaki. Watoto wake wote walizaliwa Kano, na Kihausa kilimkaa vizuri mdomoni hadi ikawa akikasirika ndicho kinachotangulia kutoka, Kiigbo kikifuata nyuma kinachechemea.

Mavazi nayo yalimwingia hivyohivyo, pole pole. Mwanzoni alivaa shati na suruali kama vijana wenzake, kola imemkaba, jasho linamchuruzika. Ng'ambo ya kichochoro alikuwapo Malam Sabitu, mtarizi wa majoho ya wakubwa, mzee mwembamba mwenye vidole virefu. Siku moja Malam Sabitu alichoka kumtazama.

"Wewe kijana," alimwambia, "kwa joto hili unajifunga shingo kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Chukua hii, uvae."

Ilikuwa kanzu ya pamba, nyepesi, iliyotariziwa kidogo kifuani. Okwudiri aliivaa siku ile na hakurudi tena kwenye kola. Kanzu zikawa mbili, zikawa kumi, zikaongezewa kofia za kudarizi zilizopigwa wanga zikasimama wima. Jumapili alikwenda nazo kanisani. Padri alizizoea. Mkewe Ugoeze ndiye aliyechukua muda.

"Niliolewa na Okwudiri," alikuwa akiwaambia wanawake wenzake, "sasa hivi ninampikia Alhaji."

Mambo yalikwenda hivyo kwa raha zao mpaka ilipofika Desemba ya msiba wa mzee mmoja wa ukoo. Okwudiri hakuwa amekanyaga kijijini kwa miaka kadhaa. Kila Krismasi alipata sababu: kazi nyingi, barabara mbaya, mgongo. Mara hii hapakuwa na sababu ya kutosha. Ugoeze na watoto walitangulia. Yeye akafuata baadaye, baada ya kumalizia cherehani za watu.

Alishuka kwenye pikipiki mchana, kwenye uwanja wa wafiwa, akiwa amevaa kanzu nyeupe, kilemba kimezungushwa hadi puani kwa ajili ya vumbi, na miwani myeusi machoni. Ndevu nazo alikuwa ameziachia. Uwanja ulijaa watu. Kabla hajafungua mdomo, mwanamume mmoja mwenye kitambi alimjia akimpungia mkono kwa hasira. Alikuwa Obidigbo, waliyekuwa wakiiba naye nazi utotoni.

"Wewe, aboki," Obidigbo alimwambia kwa Kihausa cha kuokoteza, akimwita rafiki jinsi watu wa kusini wanavyomwita kila mtu wa kaskazini, "ng'ombe wapi?"

Okwudiri alishindwa kuelewa. "Ng'ombe?"

"Ng'ombe. Wa maziko. Sisi lipa, wewe lala. Ng'ombe wapi?"

Hapo ndipo Okwudiri alipong'amua kwamba wafiwa walikuwa wakimsubiri muuza ng'ombe kutoka kaskazini, na kwamba muuza ng'ombe mwenyewe wamekwisha mwona, naye ni yeye. Angeweza kuondoa kilemba pale pale. Mkono ulikuwa umekwisha fika kichwani. Lakini Obidigbo alimgeukia mwenzake na kumwambia kwa Kiigbo, bila hata kupunguza sauti:

"Mwone alivyofanana na Okwudiri wa Anyaso."

"Huyu ana adabu," alijibu yule mwenzake. "Okwudiri angekuwa ameshaanza kutuambia jinsi mambo yanavyofanywa Kano."

Mkono wa Okwudiri ulishuka kutoka kichwani. Alijibu kwa Kihausa safi kwamba ng'ombe yuko njiani, awe na subira, na akaruhusu apelekwe nyuma ya nyumba, karibu na zizi la mbuzi, akakalishwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Alijiambia atakaa kidogo tu.

Alikaa kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Wanaume walikuja mmoja mmoja kumkagua na kumjadili. Alisikia kwamba ng'ombe huenda ni mgonjwa na ndiyo maana hajafika. Alisikia kwamba yeye mwenyewe, yaani muuza ng'ombe, ana macho ya ujanja, ingawa macho yake hayakuonekana. Kisha mazungumzo yakarudi kwa Okwudiri wa Anyaso, na hapo alipata habari zake zote: kwamba ni bahili, kwamba mkewe ndiye anayemlisha, kwamba amesahau Kiigbo, na kwamba mgongo anaosingizia kila Krismasi hauumwi na lolote.

"Mgongo unamuuma akiinama kuokota nauli," alisema Obidigbo, na watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Muuza ng'ombe naye alicheka, kwa bahati mbaya, kisha akajifanya amepaliwa na vumbi.

Shangazi yao mkubwa, Da Nwugo, alitoka jikoni na sahani. "Mpeni mgeni chakula. Hata kama anatucheleweshea ng'ombe, ana tumbo."

"Paja la kuku hilo si la Okwudiri?" aliuliza mtu. "Ulisema umemwekea."

"Okwudiri atafika wali umeshalala. Mpe huyu."

Basi Okwudiri akakaa juu ya kinu akila paja lake mwenyewe, na alikuwa amefika kwenye mfupa pale Ugoeze alipotokea na ndoo ya maganda ya kuwapa mbuzi. Ugoeze hakuhitaji kuona uso. Aliiona kanzu, maana ndiye aliyekuwa akiifua.

"Baba Uzoma," alisema, "mbona umekaa zizini?"

Watu waligeuka wote. Okwudiri alimeza, akavua miwani, akafungua kilemba polepole kama mtu anayefungua kidonda.

"Habari za hapa," alisema kwa Kiigbo.

Obidigbo alimtazama juu mpaka chini. Mtu mwingine angeona haya. Yeye aliuliza, "Kwa hiyo ng'ombe hayupo?"

Ng'ombe alifika jioni na mwenyewe halisi, kijana aliyevaa fulana ya mpira wa miguu na kofia ya kapelo, na hakuna aliyemtambua kuwa muuza ng'ombe hadi walipomwona ng'ombe nyuma yake.

Baada ya maziko wanaume wa ukoo walikaa kikao, na shauri la kwanza halikuwa la urithi wala la mashamba. Lilikuwa la kanzu. Mkubwa wa ukoo, Dee Nwokoma, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia lakini ulimi haukuwa umefifia hata kidogo, alimwita Okwudiri asimame mbele.

"Mwakani ni zamu yako kutukaribisha kikao cha mwisho wa mwaka," alimwambia. "Nyumba yako, pombe yako ya mchikichi, kokwa zako za kola. Tunataka mwenye nyumba afanane na mwenye nyumba. Utavaa isi agu."

Isi agu ni lile vazi la kiume lenye vichwa vya mnyama mkali vilivyotapakaa mwili mzima, na mwanamume wa Umuokpara aliyefika umri wa Okwudiri bila kuwa nalo ni kama nyumba isiyo na mlango.

"Dee, kwani mtu ni nguo?" Okwudiri aliuliza.

"Mtu si nguo," Dee Nwokoma alikubali. "Lakini jana ulikuwa muuza ng'ombe."

Hakukuwa na rufaa baada ya hapo. Usipovaa, wakasema, ni faini ya mbuzi, beberu, si jike.

Aliporudi Kano alimsimulia Malam Sabitu kisa chote, na mzee alicheka mpaka akaweka sindano chini, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Lakini Okwudiri aliposema kwamba atanunua vazi lililoshonwa tayari, madukani huko kusini, kicheko kilikatika.

"Utanunua," Malam Sabitu alisema. "Siku ya heshima yako utavaa kazi ya mtu usiyemjua, nami nipo hapa ng'ambo ya kichochoro, nina vidole kumi."

"Malam, hiki ni kitu cha kwetu. Hujawahi kukishona."

"Na wewe ulipokuja hapa ulikuwa umewahi kutengeneza nini? Niambie tu, ni mnyama gani?"

Hapo Okwudiri alisita. "Kwa jina ni chui. Isi agu ni kichwa cha chui."

"Vizuri. Chui."

"Lakini kwa sura ni simba. Ana manyoya ya shingoni."

Malam Sabitu alimtazama kwa huruma. "Jina la mmoja na uso wa mwingine. Na nyinyi mnashangaa mtu kuvaa kanzu akiwa Mwigbo."

Ikawa imekubaliwa. Tatizo lilikuwa kwamba Malam Sabitu hakuwahi kumwona simba. Kitabu cha shule cha binti yake Okwudiri kilikuwa na picha moja, imechapwa vibaya, na binti mwenyewe alikuwa amemchorea simba miwani kwa kalamu. Malam Sabitu aliigeuzageuza picha ile mkononi.

"Huyu wenu ni mwalimu?"

Wakaamua kwenda bustani ya wanyama. Malam Sabitu alivaa vizuri kama mtu anayekwenda kuposa. Walimkuta simba amelala, amewageuzia mgongo, kichwa kimeingia kwenye kivuli cha ukuta. Walisubiri. Malam Sabitu alikohoa. Akapiga mluzi. Akamwita simba kwa heshima, akamwita kwa dharau. Simba alitingisha mkia mara moja akaendelea na usingizi wake. Mlinzi alikuja akawaambia kwamba mnyama ana haki ya kupumzika kama mtu mwingine yeyote.

"Mkia nimeuelewa vizuri," Malam Sabitu alisema wakirudi.

"Vazi halina mkia, Malam."

Mzee aliharakisha mwendo. Kuanzia wiki ile alitundika pazia kwenye kona ya duka lake na kumkataza Okwudiri asichungulie. Majoho ya watu wakubwa yalisubiri kwenye rafu. Tajiri mmoja alituma dereva mara kadhaa kuulizia joho la harusi ya mwanawe, na kila mara dereva alirudi na salamu tu. Nyuma ya pazia walikaa wawili: Malam Sabitu na paka wake Gimbiya, jike mnene mwenye sikio lililopasuka, aliyezoea kulala juu ya vitambaa vya bei kali na kuchagua vyenye bei kali zaidi.

Siku chache kabla ya safari ya Desemba, pazia lilivutwa.

Kitambaa kilikuwa mahameli nyeusi, na vichwa vilitariziwa kwa uzi wa dhahabu, mshono juu ya mshono, laini kiasi kwamba ulitaka kupuliza uone kama manyoya yatapepea. Okwudiri, ambaye alikuwa ameona kazi za watarizi wote wa soko lile, hakuwahi kuona mkono uliotulia namna ile. Na kila kichwa kilikuwa cha paka.

Havikuwa vya simba aliyefanana na paka. Vilikuwa vya paka hasa. Masikio yamesimama, sharubu nyembamba kama zinataka kucheza. Manyoya ya shingoni Malam Sabitu alikuwa ameyaweka, maana aliyaona kwenye picha, lakini yalikaa kama mtandio, hivyo paka wote walionekana kama kina mama wanaokwenda sokoni asubuhi ya baridi. Wala hapakuwa na wawili waliofanana. Mmoja alikuwa anapiga miayo. Mwingine amefumba macho. Mmoja begani alikuwa anatazama kitu kilicho juu, labda ndege. Na yule mkubwa kuliko wote, katikati ya kifua, alimtazama Okwudiri jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

"Unaonaje?" Malam Sabitu aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Malam," Okwudiri alisema, "sijawahi kuona kitu kama hiki."

Ulikuwa ukweli mtupu, na mzee aliupokea kwa furaha.

Ugoeze alilitazama vazi lile usiku huo kwa muda mrefu, akiwa amekunja mikono. "Baba Uzoma, huyu ni Gimbiya."

"Ni chui."

"Ni Gimbiya. Sikio lake lililopasuka hili hapa."

"Kwa mbali—"

"Kwa mbali ni Gimbiya aliye mbali." Alikunja vazi vizuri, kwa heshima, maana hata yeye aliiona kazi. "Basi letu linapita Onitsha. Pale nguo hizi zimetundikwa kama ndizi. Nunua moja, uvae kwa ndugu zako, ukirudi Kano mwambie Malam ulivaa yake. Nani atajua?"

Okwudiri alizima taa, na Ugoeze alichukulia kuwa amekubali. Basi liliposimama Onitsha, aliingia dukani kweli, Ugoeze akimlinda mlangoni na watoto. Alivalishwa isi agu nyekundu yenye simba wakali, wote sawa, wote wamefungua midomo. Muuzaji alipiga makofi akamwita chifu. Okwudiri alijitazama kwenye kioo, akaona anapendeza. Kisha, kwa mazoea tu, aligeuza upindo ndani nje akaukagua.

"Mashine ya huyu fundi sindano yake imepinda," alimwambia muuzaji.

"Chifu, nani atatazama kwa ndani?"

Okwudiri alikaa ameushika upindo ule. Mshono uliruka, ukashika, ukaruka tena. Alimfikiria Malam Sabitu nyuma ya pazia, na dereva wa tajiri akirudi mikono mitupu. Alivua. Alipotoka dukani hana kifurushi, Ugoeze alimtazama, akatikisa kichwa, akapanda basi.

Siku ya kikao, kijijini, turubai lilifungwa uani kwa Okwudiri, viti vikapangwa, kokwa za kola na bilinganya na siagi ya karanga vikawa tayari kwenye sinia. Wanaume walikuwa wamekaa, kila mmoja na vichwa vyake vya chui kifuani. Okwudiri alitoka ndani kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, harakaharaka, ili yaishe.

Mtu mmoja aliweka kikombe chini. Obidigbo aliinama mbele, akakaza macho, akasogea na kiti chake.

"Okwudiri," alisema kwa upole mkubwa, "mbona chui wako anasubiri maziwa?"

Turubai lilitikisika. Walicheka wazee, walicheka vijana, walicheka wanawake jikoni kabla hawajaambiwa wanacheka nini. Mmoja aliuliza kama chui hawa wanakamata panya pia. Mwingine alitaka kujua yule wa begani anamtazama nani. Okwudiri alisimama na sinia la kola mkononi.

Kisha ukaanza mjadala, maana wanaume wa Umuokpara hawaachi jambo likapita bila hukumu. Je, faini ya mbuzi inadaiwa au haidaiwi? Wengine walisema amri ilikuwa avae isi agu, na hii si isi agu, ni kichwa cha paka. Wengine walisema paka ni wa jamii ya chui, kama binamu. Akasimama mwalimu mstaafu mmoja kusema kwamba hata vichwa walivyovaa wao ni vya simba, si vya chui, kwa hiyo kama ni faini walipe wote. Alikalishwa chini haraka.

"Huyo Mhausa wako amekuchezea," alisema mtu kutoka viti vya nyuma. "Yuko Kano sasa hivi anacheka."

Hapo Okwudiri aliweka sinia mezani. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kihausa, kirefu, cha haraka, kikipanda na kushuka, na kidole chake kikipiga hewani. Walimwacha amalize. Alipopumua, Obidigbo alisema, "Sawa. Sasa tafsiri."

Okwudiri alijifuta uso. "Nimesema aliyesema hivyo aje hapa aguse," alisema kwa Kiigbo. "Malam Sabitu anawashonea matajiri. Aliwaweka pembeni. Nilimpeleka kumwona simba, simba akatuonyesha makalio. Alikaa nyuma ya pazia miezi na miezi na macho yakamvimba. Nilikuwa na vazi lingine mkononi huko Onitsha, nikaliacha. Kama ni mbuzi, nitaleta mbuzi. Lakini mtu asiseme huyo mzee anacheka."

Dee Nwokoma alinyoosha mkono. "Nisogezee huyo mnyama."

Okwudiri alimwinamia. Mzee, ambaye alikuwa haoni vizuri, alipitisha vidole juu ya kifua, akafuata sikio, akafuata shavu, akarudi kwenye sikio.

"Ana sharubu," alisema hatimaye. "Nazihisi moja moja." Akajigusa kifuani mwake, kwenye vazi lake mwenyewe, akalinganisha. "Wangu hana kitu. Wangu ni rangi tu."

Wanaume wawili watatu wakajipapasa vifua vyao kisirisiri.

Da Nwugo alikuwa amesimama mlango wa jiko kwa muda. Wanawake hawakuwa na sauti katika kikao kile, jambo ambalo halikuwahi kumzuia. "Mimi nimezeeka hapa," alisema. "Chui sijawahi kumwona na hajawahi kunisaidia. Lakini ghala langu la viazi vikuu, paka ndiye anayelilinda. Mnagombana nini? Wali unapoa."

Dee Nwokoma alitoa hukumu. Kwa kuwa mwenye nyumba amekuja kama mtu wa hapa, lakini mnyama wake amekuja mdogo, faini nayo itapungua. Badala ya beberu, jogoo. Jogoo alikamatwa pale pale, akachinjwa, na kufikia jioni Okwudiri alikuwa ameshapewa jina. Walimwita Nwamba, yaani Paka, na watoto wa jirani walipomwona wakapiga mlio wa paka. Hakufurahi, na hakuchukia kama alivyotarajia. Alipolala alimuuliza Ugoeze kama anadhani jina litadumu.

"Litaandikwa kwenye kaburi lako," Ugoeze alisema. "Lala."

Asubuhi, kabla hajapiga mswaki, Obidigbo alitokea kwa nyuma kupitia shamba la mihogo, akitazama kushoto na kulia.

"Nwamba," alinong'ona. "Yule mzee wako. Anapokea kazi?"

"Kazi gani?"

"Usinifanye niiseme kwa sauti." Alivuta suruali juu. "Lakini wangu awe macho. Asipige miayo. Mke wangu akiona anapiga miayo atasema fundi amenishona mimi mwenyewe."

Baada yake alikuja mwingine, kwa njia hiyohiyo ya mihogo, kisha mwingine, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Mwalimu mstaafu alitaka wake awe na miwani, na Okwudiri, ambaye hakuwa amemwambia mtu yeyote juu ya picha ile ya kitabuni, ilibidi aingie ndani kwanza acheke kisha atoke. Yule wa viti vya nyuma alikuja wa mwisho, hakuomba radhi, akasema tu kwamba anapenda rangi ya bluu.

Kano, Malam Sabitu alikuwa akitunga uzi kwenye sindano Okwudiri alipoingia. Gimbiya alikuwa amelala juu ya joho la mtu.

"Walisemaje?"

Okwudiri alikuwa ameandaa njiani maneno matamu ya kutosha. Aliketi, akavua kofia. "Walisema ni paka, Malam."

"Ni paka," Malam Sabitu alisema, akaulamba uzi.

"Ulijua?"

"Okwudiri. Nimefuga paka maisha yangu yote. Ulitaka nisijue?" Uzi ulipita. "Nilijaribu simba. Nilifumua mara nyingi. Kila nikimshona alikuwa na uso wa uongo, kama mtu anayejisifu. Basi nikashona ninayemjua. Nilidhani utasema. Ulivyonyamaza nikadhani umependa."

"Nilipenda."

"Basi tatizo liko wapi?"

Okwudiri alimweleza kwamba tatizo ni kuwa ndugu zake kadhaa nao wanataka, na hakuna hata mmoja aliyepimwa. Malam Sabitu alikataa kata kata. Hawezi kumshonea mtu asiyemjua anavyotembea. Nguo ya mtu anayetembea na kitambi mbele haikatwi kama ya mtu anayeburuta miguu. Paka wa kifuani ataishia kwenye kitovu.

"Nitakuonyesha," Okwudiri alisema.

Alisimama katikati ya duka, akajaza hewa tumboni, akarudisha mabega nyuma, akavuta kanzu juu kama suruali, na akatembea kama Obidigbo kutoka mlangoni hadi kwenye rafu, akitazama kushoto na kulia kama mtu anayepita kwenye mihogo. Mafundi wa maduka ya jirani waliacha kazi wakaja mlangoni. Malam Sabitu alivuta futi yake shingoni, akamfuata nyuma na kumzungushia kiunoni.

"Usipumue," alisema. "Huyu ana tumbo kubwa. Ongeza."

Okwudiri akaongeza.